Ramani ya Rwenzori: mto haujahama, wewe ndiwe uliyekosea datamu

Msomaji ameniandikia: mto Bujuku wa milima ya Rwenzori, Uganda, alioupata kwenye ramani ya zamani na alama za GPS yake vimepishana karibu mita 300. Anauliza kama mto umehama. Ukubwa wa kosa unatosha kutaja ugonjwa. Karatasi za zamani za Uganda ziko kwenye datamu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960, GPS iko kwenye datamu nyingine, WGS 84, na hapa ikweta tofauti hiyo husogeza alama kaskazini au kusini kwa karibu kiasi hicho. Usivute mistari kwa mkono! Iambie QGIS, programu ya ramani, datamu halisi ya karatasi, kisha iache ibadilishe yenyewe.

Kuna mtego wa pili. Longitudo 30 imepita ubavuni mwa safu hii: kilele cha Margherita kiko kanda ya 35 ya UTM (mfumo unaoigawa dunia kwa vipande vya longitudo), mji wa Kasese kanda ya 36. Rekodi kwa digrii za desimali, kisha mradi wote uweke EPSG:32635, yaani namba ya kanda ya 35 kaskazini.

Barafu ndiyo inayodanganya zaidi. Kwa picha za setilaiti ya Sentinel-2, toa bendi ya 11 (mwanga wa infraredi) kwenye bendi ya 3 (kijani), kisha gawa kwa jumla ya bendi hizo mbili. Anzia kizingiti cha 0.4: kinachozidi hapo kihesabu barafu au theluji. Lakini theluji iliyoanguka jana nayo itavuka kizingiti. Kusanya picha kadhaa za miezi ya kiangazi, ubakize peupe panapojirudia katika zote. Vivuli vya majabali vikague kwa macho. Na tafadhali, mipaka ya barafu ya msafara wa Duke wa Abruzzi, mpelelezi wa Italia, wa 1906 ni historia. Anayeinakili leo anachora maji yaliyokwisha kwenda zake.

Kwa mito, modeli ya mwinuko (ramani ya kimo cha ardhi) yenye pikseli za mita 30 inatosha; programu huchora mto pale eneo linalomwaga maji linapofikia kizingiti. Kizingiti cha pikseli 1,000 ni kilomita za mraba 0.9, kikubwa mno kwa mlima wenye mvua hivi; jaribu 300. Kwenye kinamasi cha Bigo programu itakupa mstari ulionyooka kama rula. Ufute, upime kwa miguu, hasa makutano ya Bujuku na Mubuku, ukiiacha GPS itulie dakika kadhaa chini ya miti.

Mwisho kagua kipito cha Scott Elliot, njia ya juu kati ya vilele. Maji ya Ziwa Bujuku huenda mashariki, ya maziwa ya Kitandara huangukia mto Butawu na kuishia mto Semliki, upande wa magharibi. Mstari wowote unaovuka kipito hicho umetokana na mashimo ya modeli uliyojaza kupita kiasi ili maji yapite: punguza ujazo, endesha upya.