Dawa ya tezi dume kwa mgonjwa wa tezi za mate: kwa mnaoanza kazi ya majaribio

Wadogo zangu mnaoingia kazi ya uuguzi wa utafiti, hasa nyinyi mliohamia Ulaya kama mimi na mkapangiwa kitengo cha saratani za kichwa na shingo, nawaandikia haya kabla hamjapigiwa simu niliyopigiwa mimi.

Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Mombasa. Saratani ilianzia kwenye mfereji wa tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, ikala mshipa wa fahamu wa uso hata jicho la kushoto likawa halifumbi, kisha ikafika mapafuni. Tulikaa naye nikamweleza jaribio kwa Kiswahili, akasaini ridhaa, akaondoka na boksi la bikalutamidi. Kesho yake asubuhi simu ikalia: “Mwanangu, mbona mwanipa dawa ya waume? Karatasi yasema wanawake wasimeze.”

Na kweli karatasi ilisema hivyo. Dawa ile imesajiliwa kwa saratani ya tezi dume, na mimi nilikuwa nimeeleza kila kitu isipokuwa kile ambacho angekisoma akiwa peke yake jikoni kwake. Ilinichukua karibu saa nzima kumtuliza. Tangu siku hiyo nafungua boksi mbele ya mgonjwa, natoa karatasi, tunaisoma pamoja. Kwenye fomu ya ridhaa hakuna mahali pa kuweka tiki kwa hilo. Lifanyeni hata hivyo.

Maelezo yenyewe si magumu. Tangu 1941, Charles Huggins alipoonyesha kwamba ukizima homoni za kiume saratani ya tezi dume hunywea, madaktari wamekuwa wakitafuta uvimbe mwingine unaolishwa na homoni hizo. Saratani ya mfereji wa tezi ya mate ni mmoja wao: seli zake nyingi zina kipokezi cha androjeni, yaani mahali homoni hizo za kiume hunasa kwenye seli, awe mgonjwa ni mwanamume au mwanamke. Mwanamke naye hutengeneza androjeni kidogo, kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Nikilieleza hivyo, wengi huelewa upesi kuliko nilivyotegemea. Ila msiahidi kwa jumla. Saratani za tezi za mate ni aina zaidi ya 20, na nyingine hazina kipokezi hicho kabisa. Kabla ya kumpa mtu matumaini, ulizieni jibu la patholojia: kinyama kilipimwa kipokezi? Asilimia ngapi ya seli zimeshika rangi ya kipimo hicho? Kila jaribio lina kiwango chake cha kumkubali mgonjwa, kwa hiyo neno “ndiyo” peke yake halitoshi.

Sindano za kuzima homoni, kama triptorelini na leuprorelini, zina tabia moja ya kukera: siku za mwanzo hupandisha testosteroni kabla ya kuishusha. Ndiyo maana bikalutamidi, ambayo huziba kipokezi, hutangulizwa kabla yake au hutolewa pamoja nazo. Mgonjwa mwenye uvimbe karibu na uti wa mgongo akipiga simu wiki ya kwanza kusema maumivu yamezidi, msimwambie asubiri miadi. Mwiteni daktari.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo wageni wengi huidharau. Ugonjwa huu ni adimu, kwa hiyo kila mgonjwa ana uzito wa ajabu kwenye matokeo. Wajapani walipochapisha jaribio lao la leuprorelini pamoja na bikalutamidi mwaka 2018, walikuwa na wagonjwa 36; uvimbe ulipungua vya kutosha kwa 15, yaani asilimia 41.7. Huko Marekani, enzalutamidi, dawa nyingine ya kuziba kipokezi hicho, ilijaribiwa kwa wagonjwa 46. Saba walionekana kuitikia, lakini waliothibitishwa kwa picha ya pili ni wawili tu. Someni tena hapo: kutoka saba hadi wawili!

Hilo hutokeaje? Chukueni mgonjwa ambaye jumla ya vipimo vya uvimbe wake ni milimita 60 mwanzoni. Picha ya kwanza baada ya dawa inatoa 41. Umepungua kwa karibu asilimia 32, na kanuni ya kupima uvimbe kwenye majaribio inataka angalau 30, kwa hiyo anahesabiwa ameitikia. Wiki chache baadaye picha inatoa 44. Ni milimita tatu tu, unene wa punje chache za mchele, lakini upungufu sasa ni asilimia 27 na jibu lake halithibitiki. Niliwahi kuona jedwali ambamo tezi ya limfu ilipimwa kwa urefu mara ya kwanza na kwa upana mara ya pili. Mgonjwa alionekana kapona nusu, kumbe ni rula iliyogeuzwa. Tezi za limfu hupimwa kwa upana wake mfupi, kila mara. Ukiona namba imeshuka ghafla, kabla ya kushangilia rudi kwa mtaalamu wa picha umuulize alipima wapi. Wengine watakuona msumbufu, shauri yao.

Madhara hayahitaji maneno mengi: joto la ghafla usiku, uchovu, mifupa kupungua nguvu, hamu ya tendo kufifia. Hilo la mwisho wagonjwa hawalisemi mpaka uwaulize, na ukiwauliza mbele ya mwenza hawalisemi pia.

Mama wa Mombasa aliendelea na dawa miezi saba. Kila alipokuja kuchukua boksi jipya alilifungua mwenyewe mezani kwangu, akaitoa ile karatasi, akanisukumia: “Hii yako wewe.”