Muulize Daktari: Moyo unaruka pigo baada ya mshtuko

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu ana miaka 58, mvuvi wa dagaa. Alipata mshtuko wa moyo, akalazwa, akaruhusiwa. Tangu arudi analalamika kwamba moyo unaruka pigo, hasa akilalia ubavu wa kushoto. Jirani yetu aliugua hivihivi, wiki chache baadaye akaanguka uani na hakuamka. Sasa usiku silali, namsikilizia anavyopumua. Hakuna kipimo cha kubaini mapema? Na kuna kidonge kimoja amekiacha, eti kinamlegeza. Anataka kurudi ziwani giza la mwezi likiingia.
Bi. H., Ujiji

JIBU: Marahaba, dada. Hayo mapigo yanayoruka yasikukoseshe usingizi. Hata wazima tunayo, na peke yake hayatabiri mengi. Zamani sisi madaktari tuliamini kwamba ukiyazima umezuia kifo. Mwaka 1989 utafiti wa CAST, Marekani, ukatuumbua: waliopewa dawa za kutuliza mapigo, flecainide na encainide, mapigo yalitulia, lakini walikufa wengi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo asitokee mtu wa duka la dawa akakuuzia "ya kutuliza moyo".

Saa za mwanzo za mshtuko ndizo mbaya zaidi. Moyo unaweza kuanza kutetemeka ovyo bila kusukuma damu, na hakuna anayejua kwa hakika utakuwa wa nani. Ndiyo maana wodini kila mgonjwa huunganishwa na monita inayofuatilia mapigo ya moyo, mashine ya kushtua moyo ikiwa karibu. Hapo mumeo ameshapita.

Kinachobaki ni kovu. Umeme wa moyo ukikwama penye kovu unaweza kuanza kuzunguka hapo kwa kasi. Tunachopima ni nguvu ya kusukuma, kwa kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), kikirudiwa siku 40 au zaidi baada ya mshtuko, maana msuli uliozimia huweza kuamka. Moyo mzima hutoa takriban asilimia 55 hadi 70 ya damu iliyomo katika chumba cha kushoto kila pigo. Ukibaki na 35 au chini licha ya dawa, tunafikiria kupandikiza kifuani kifaa cha kuushtua. Hapo Hospitali ya Maweni, Kigoma, watawaandikia rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Sikufichi: wapo wenye namba nzuri wanaoanguka, na wenye namba mbaya wanaozeeka.

Kidonge hukukitaja. Kama jina linaishia na -lol (atenolol, bisoprolol, carvedilol), hicho ndicho kinachomlinda na kifo cha ghafla, na kukikata ghafla ni hatari. Arudi kliniki, dozi inaweza kushushwa. Kama anameza pia dawa ya kutoa maji, aombe kupimwa potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu. Ikishuka, umeme wa moyo huvurugika.

Ziwani asiende mpaka eko isomwe. Najua dagaa hawasubiri, lakini mtu akizimia mtumbwini usiku, kumwokoa ni kazi. Na akizimia popote, hata kwa dakika moja, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Badala ya kumsikilizia usiku, wafundishe vijana wa nyumbani: akianguka, haitiki, hapumui au anatweta kwa kukatakata, wamlaze chali, wagandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wakipokezana, huku mwingine akitafuta gari.