Gemu kukwama msimu wa joto: anza na mipangilio kabla ya kununua feni

Mkuu, umeuliza kwa nini gemu ile ile iliyokuwa inateleza miezi ya baridi sasa inaanza kukwama baada ya dakika ishirini hivi, na kama ununue feni za ziada. Usinunue kitu bado.

Kukwama kunakokuja baadaye, si pale unapofungua gemu, mara nyingi ni joto. Hitisinki (kipande cha chuma kinachovuta joto kutoka kwenye chipu) huchukua muda kujaa joto. Ikishajaa, prosesa inajipunguzia kasi yenyewe isiungue. Laptopu nyingi za gemu hufikia hapo kati ya nyuzi 95 na 100 za Selsiasi. Mzigo ukiwa ule ule na feni zikizunguka kwa kasi ile ile, chumba kikipanda nyuzi 10, chipu nayo inapanda karibu nyuzi 10. Kwa hiyo mashine iliyokuwa inatulia kwenye 85 sasa inagonga 95. Kibaya zaidi, karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta unaishia kuwa joto chumbani. Mashine ya wati 400 ndani ya chumba kilichofungwa madirisha ni hita uliyoiwasha mwenyewe.

Hakikisha kwanza. Washa programu ya vipimo, HWiNFO au MSI Afterburner, cheza nusu saa, kisha tazama joto, megahezi (kasi ya chipu) na wati kwa pamoja. Joto likigota juu na megahezi zikaanza kushuka, jibu umepata. Joto likiwa 75 na bado inakwama, tafuta kwingine: RAM (kumbukumbu ya muda) imejaa, diski inazidiwa, au ni intaneti. Hapo hata ukibadilisha grisi ya prosesa (ile inayopitisha joto kwenda kwenye hitisinki) mara tatu hutaona tofauti.

Dawa ya kwanza ni kuweka kikomo cha fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, na hii ni bure. Skrini ya hezi 60 haiwezi kukuonyesha fremu 110 kwa sekunde; hizo zilizozidi unazilipia kwa umeme na jasho. Weka kikomo ndani ya gemu yenyewe au kwenye mipangilio ya kadi ya michoro. Hata mwenye skrini ya hezi 144, gemu za hadithi zinachezeka vizuri tu kwa 60. Kisha, kwa kompyuta ya mezani, ingia Afterburner ushushe kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 80. Fremu zitapungua kidogo kuliko wati zitakavyopungua, kwa sababu megahezi za mwisho kabisa ndizo zinazokula umeme mwingi. Kwenye laptopu nyingi za Windows, kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99 kunazima ile kasi ya ziada, na joto linashuka papo hapo. Ila gemu zinazoitegemea sana prosesa zitaumia kidogo, pima mwenyewe.

Baada ya hapo ndiyo vumbi. Zima, chomoa waya, na ushikilie pangaboi la feni kwa kidole kabla ya kupuliza. Feni ikizungushwa kwa nguvu na hewa, beringi zinaharibika, na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Kopo la hewa lisimame wima, ukilipindua linatema kimiminika. Kwenye laptopu, vumbi baya hujishindilia kati ya feni na mapezi ya hitisinki, na kupuliza kwa nje tu kunalisogeza ndani zaidi. Lazima ufungue mfuniko wa chini ulitoe.

Grisi ya prosesa ni hatua ya mwisho. Futa ya zamani kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, weka tone la ukubwa wa njegere, kisha kaza skrubu kwa msalaba, kidogo kidogo. Chipu ya laptopu haina kifuniko cha chuma, hivyo paka safu nyembamba ifunike uso wote. Mwenye PS5 asifike huko: ndani yake kuna metali ya kimiminika inayopitisha umeme, ikivuja kwenye bodi umeua konsoli. Fungua mabamba ya pembeni, nyonya vumbi kwenye vile vitundu vyake, inatosha.

Konsoli za PS5, Switch na Steam Deck zote zimewekewa na watengenezaji kikomo cha nyuzi 35 za joto la mazingira. Chumba kikizidi hapo, subiri. Simu nayo ivue kava, usicheze huku inachaji, na ikipata moto usiitie kwenye friji, unyevu utajikusanya ndani.

Kuhusu ratiba, wengi huhamia usiku wa manane au alfajiri, na ni busara. Angalia tu ping (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi): saa hizo wachezaji wa eneo lako ni wachache, unaweza kutupwa kwenye seva ya mbali. Mechi za kupanda daraja zinazochukua dakika arobaini zibaki saa za baridi, mchana cheza zile zinazokubali kuhifadhi popote. Jasho kwenye pedi lipanguswe kila unapomaliza, chumvi yake inakula vitufe.

Unasafiri likizo? Jaribu kabla ya kuondoka: maliza masasisho, fungua kila gemu mara moja ukiwa na intaneti, kisha zima Wi-Fi uone kama bado inafunguka. Wengi hugundua wakiwa njiani kwamba konsoli yao haikuruhusiwa kucheza nje ya mtandao. Ukirudi, Steam (duka la gemu za kompyuta) ikikuuliza uchague faili lipi la hifadhi, soma tarehe kabla ya kubonyeza.

Punguzo la bei la Steam la kiangazi (kwa walio kusini mwa ikweta ni kipupwe, lakini bei hazijali) huja mwishoni mwa Juni. Kabla ya kujaza kapu, kumbuka unarudishiwa pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Kwa hiyo kila unachonunua kifungue siku hiyo hiyo, ukipime joto na fremu kwenye mashine yako kama ilivyo sasa.