Barua kwa mwanangu: Upepo ndio utakaowachagulia bahari

Assalaam alaykum, mwanangu Zuhura,

Umeniuliza mpange wapi kule Puglia, kusini mwa Italia, mwezi wa Septemba, Otranto au Gallipoli, miji ya pwani, maana mume wako anataka nyumba ambayo mtu akifungua dirisha anaiona bahari. Mimi nawaambia mpange Maglie, mji usio na bahari kabisa. Ndiko nilikokuwa namtunza yule bibi mzee, na miaka ile ndiyo iliyonifundisha watu wa huko wanavyoogelea.

Rasi ya Salento, iliko miji hiyo yote, ni nyembamba. Mashariki kuna bahari ya Adriatiki, magharibi kuna Ionia, na kutoka Maglie kwa gari unafika upande unaoutaka kabla saa moja haijaisha. Ikivuma tramontana, upepo wa kaskazini, pwani ya Otranto inachafuka huku ya Gallipoli imetulia. Ikivuma scirocco kutoka kusini, mambo yanageuka. Kwa hiyo watu huamka wakaangalia upepo kwanza, kama wavuvi wetu wa Tanga wanavyoangalia kaskazi na kusi, ndipo waseme leo tunaogea wapi. Ukilipia chumba cha ufukweni umejifunga upande mmoja, na upepo ukiwa mbaya siku tatu mfululizo, watoto watabaki kuitazama bahari dirishani.

Jambo litakalowafurahisha wajukuu wangu ni kwamba maji hayapwi. Tofauti ya kupwa na kujaa kule ni ndogo hata huioni, basi hakuna kungoja saa ya maji. Wapeleke Torre dell'Orso kwenye mchanga, au Porto Cesareo ambako mtu mzima anatembea mbali kutoka ufukweni, maji bado ya magoti. Sehemu nyingine ni miamba mitupu, wanunulie viatu vya kuogelea. Karibu kila mji wa pwani una spiaggia libera, ufukwe wa bure. Usilipe mwavuli na kiti kila siku kwa kudhani ni lazima.

Nendeni nusu ya kwanza ya mwezi. Bahari hupoa taratibu kuliko nchi kavu, kwa hiyo maji bado yana joto la kiangazi chote, na Wataliano waliojaa pwani wakati wa Ferragosto, sikukuu ya tarehe 15 Agosti, wengi wamesharudi makazini. Mwezi ukienda mwisho, mvua za radi huanza kuja na wenye miavuli wanafunga.

Sasa chakula, hapo nisikilize vizuri. Asubuhi kila mkahawa una pasticciotto, kitumbua cha kuoka chenye krimu nzito ndani. Unga wake wa asili hukandwa kwa strutto, mafuta ya nguruwe. Siku hizi wapo wanaotumia siagi, lakini uliza kabla mtoto hajashika. Ukiona pezzetti di cavallo, hiyo ni nyama ya farasi. Ninyi kuleni pweza. Wanampika kwenye chungu, polpo alla pignata, moto mdogo, na wapishi wa kienyeji hawamtii maji kwa sababu anatoa ya kwake. Uliza tu kama wametia divai. Kuna pia ciceri e tria, dengu nene na tambi ambazo sehemu yake imekaangwa ikakauka. Mimi ningeweza kula hiyo kila siku. Na mchana wa joto usipike. Nunua frise, mkate mkavu mgumu, uchovye majini kidogo, uukamulie nyanya, chumvi na mafuta ya zeituni mengi.

Jikoni za mikahawa usiku hazifunguki mapema, mara nyingi ni saa moja na nusu au saa mbili, na maduka mengi hufungwa mchana mpaka jioni. Watoto wako wanalala mapema, kwa hiyo hakikisha nyumba ina jiko. Kwenye hesabu ya mkahawa mtaona coperto, malipo ya kila aliyekaa mezani. Si wizi, mwambie mume wako asigombane.

Njiani kuelekea Gallipoli mtapita mizeituni iliyokauka, mashamba na mashamba. Ni bakteria wa Xylella, aliyegunduliwa huko mwaka 2013. Familia ya yule bibi walipoteza miti iliyopandwa na babu wa babu zao. Waambieni watoto ilikuwa nini, wasidhani nchi ile iliumbwa hivyo.

Ndege ishukeni Brindisi, mkodi gari hapohapo, maana Jumapili usafiri wa umma ni wa shida. Tafuta nyumba ya zamani ya mawe, yenye dari la kuba; kuta zake nene zinazuia joto. Katikati ya mji kuna mitaa ya ZTL ambayo gari la mgeni likiingia linapigwa picha na faini, basi muulize mwenye nyumba mtaegesha wapi, na madirisha yana neti ya mbu au hayana. Ukipata majibu yake nitumie, nitakusomea Kitaliano chake kabla hujalipa.

Mama yako