Mashine haikujua, imebahatisha

Mwanangu,

Nimeupata ujumbe wako. Unasema ulimwandikia rafiki yako wa Marekani habari za operesheni ya bibi, ukaipitisha barua kwenye programu ya kutafsiri, na daktari wetu, yule mama aliyemshika bibi mkono mpaka dawa ya usingizi ikamkolea, akatoka mwanamume. Muuguzi, kijana wa kiume, akatoka mwanamke. Ukaniuliza: "Mama, mashine imejuaje jinsia wakati mimi sikuitaja?"

Haikujua, imebahatisha. Nimetafsiri miaka mingi, na hapo ndipo kalamu yangu husimama kila mara. Sisi tukisema "alimpasua", ile a- humbeba yeyote, mwanamke au mwanamume. Kiingereza hukulazimisha uchague. Mimi nikikwama humpigia simu mwandishi nikamuuliza. Mashine haimpigii mtu simu. Inafuata maandishi iliyofunzwa nayo, na humo madaktari wengi wameandikwa kiume, wauguzi kike.

Kwenye barua kosa hilo linarekebishika. Kinachoniuma ni pale mtu anapokosa riziki. Amazon iliwahi kutengeneza programu ya kuchuja waombaji kazi, ikaifunza kwa maombi ya miaka 10, mengi yakiwa ya wanaume. Programu ikazoea kumshusha alama aliyetaja, kwa mfano, kuwa nahodha wa klabu ya sataranji ya wanawake. Habari hizo zilipotoka 2018, kampuni ilikuwa imeshaiacha.

Mwaka huohuo watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu tatu zinazotambua jinsia kwa picha ya uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata 1 kwa 100. Kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea karibu 35 kwa 100. Nilipoisoma hesabu ile niliinua macho nikaitazama picha yako ya mahafali hapa ukutani.

Waliopima ni wanawake weusi, mwanangu. Buolamwini alianza kuchunguza baada ya kompyuta kushindwa kuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Wenzake waliokuwa wakionekana wangelijuaje? Ndiyo maana nataka uendelee na hiyo kozi yako ya kompyuta, hata kama darasani mko wasichana watatu tu.

Barua yako nimeitafsiri upya, nimeiambatisha. Bibi ametolewa nyuzi jana. Daktari wake kasema sasa anaweza kutembea mpaka barazani bila kushikwa.

Mama yako