Barua kwa Neema: mnatibu bure, au mnalipisha kwa sala?

Kirumba, Mwanza

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako ulinikuta Mwaloni nimeshika ndoo ya dagaa, nikaona hili haliwezi kujibiwa kwa kidole gumba. Umeniuliza: "Mama, huko kambini mnatibu macho bure, au mnalipisha kwa sala?" Ukachomekea na la pili: kwa nini wakimbizi, na bibi anapapasa kuta kule Magu?

Nianze na la bibi, ndilo jepesi. Bibi yako akiamua, anapanda gari alfajiri, na kabla ya saa nne yuko kwenye foleni hospitali ya Bugando. Mtu wa kambi ya Nyarugusu hawezi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka awe na kibali ndipo atoke nje ya kambi, na humo wamo Wakongo walioingia tangu kambi ilipofunguliwa 1996, na Warundi waliomiminika kuanzia 2015. Mtu wa namna hiyo asipofuatwa na daktari, atazeeka akivutwa fimbo na mjukuu. Ndiyo maana sisi wa kanisa tunakata Busisi, Geita, Nyakanazi, Kibondo, mpaka Kasulu. Siku hizi angalau daraja lipo. Zamani tulikuwa tunakaangwa na jua Kigongo tukingoja kivuko.

Kazi yangu unaijua. Mimi Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, hivyo nasimama na kadi ya herufi E, mgonjwa ananionyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Wenye mtoto wa jicho wanapelekwa kwa daktari, anatoa lenzi iliyoingia ukungu na kuweka ya bandia. Kwa mkono uliozoea ni kama robo saa. Wengine wanahitaji miwani ya kusomea tu. (Tena waambie wenzako wa huko Dar waache kutukusanyia miwani iliyotumika. Kila moja ina namba za macho ya mwenyewe, tunashinda tukichambua na hatupati inayomfaa mtu. Mipya ya bei rahisi inatusaidia zaidi.) Mama mmoja nilimvalisha ya mbili na nusu, akafungua mfuko wake wa mbaazi za mgao, akaziinamia, kimya. Halafu akapiga ukelele: "Kumbe siku zote nawapikia watoto wadudu!" Foleni nzima ilicheka, naye akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Sasa la sala. Umeuliza kwa ukali, na una haki, kwa sababu nimewahi kuliona hilo kwa macho yangu. Mwaka mmoja tuliungana na timu ya wageni. Kabla namba za foleni hazijaanza kuitwa wakahubiri zaidi ya saa nzima, juani, kisha wakasema anayempokea Yesu anyooshe mkono. Mzee mmoja wa Kikongo, amevaa baraghashia, akanivuta kanga: "Dada, nisiponyoosha, namba yangu itachukuliwa?" Nikamnong'oneza kwamba haitachukuliwa. Lakini kipaza sauti kilikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa, na sikukishika nikawaambia wote. Wangapi walinyoosha mkono kwa hofu ya kukosa namba, sijui, na Mungu anajua kwamba nilikaa kimya.

Tuliporudi nililisema kwenye kikao cha kanisa, pakachafuka kidogo. Kuna mzee alisema tukitibu bila kuhubiri tutakuwa hospitali tu. Nikamuuliza kuhusu wale wakoma kumi wa Luka 17: aliyerudi kushukuru ni mmoja, na sijasoma popote kwamba wale tisa walirudishiwa ukoma wao. Tangu hapo namba zinatolewa kwanza, mahubiri yanangoja Jumapili kanisani, anayetaka aje.

Lakini sala ninayo, sikufichi. Inakuja pale dawa inapokwama. Mtu mwenye presha ya macho akishapofuka, hakuna upasuaji wa kumrudishia nuru, na anayeambiwa hivyo amekaa siku nzima akiona jirani zake wanafunguliwa bandeji na kushangilia. Huyo namwambia mimi, kwa lugha yake, nimemshika mikono. Kisha namuuliza kama anataka tuombe. Wengine hutaka. Mmoja aliniambia, "Hapana, kaa tu," nikakaa mpaka mwanawe alipokuja kumchukua.

Bibi yako tumepangiwa Jumanne, jicho la kushoto. Amekuwa akikataa miaka yote hii kwa kuogopa kisu, si kwamba nilimsahau. Sasa amekubali, ila anadai kanga mpya kabisa, maana akifunguliwa hataki kuanza na matambaa. Kanga nimenunua. Wewe tuma nauli ya teksi, kile kilima cha Bugando sitampandisha kwa bodaboda.

Mama yako