Hesabu haziachwi
Unahofia kwamba wanafunzi wa uhandisi wakifundishwa kwa kutatua matatizo watatoka weupe kwenye hesabu. Sidhani. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, kinafundisha hivyo tangu 1974, na kwa kawaida mradi wa kikundi huchukua kama nusu ya muhula. Nusu nyingine ni kozi, hisabati ikiwemo. Kikundi kikipewa pampu inayotetemeka kupita kiasi, kitatafuta chanzo chenyewe, na hapo milinganyo ya mtetemo inatakiwa kwelikweli. Mimi ninaogopa zaidi wategaji, wanaowaachia wenzao kazi (kila kikundi kinaye wake). Aalborg huwabana siku ya kutetea mradi: ripoti ni ya wote, ila kila mmoja anapata alama yake.